Matufe Matatu ya Mama Kagua

Siku ya kwanza kuingia kwenye ukumbi wa bolingi, Mama Kagua alikaripiwa kabla hajagusa tufe hata moja. Alivuka ule mstari mweusi ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka, akapiga goti kwenye njia ya mbao, akapitisha kiganja sakafuni kisha akanusa vidole vyake. Fundi wa mashine alitoka mbio nyuma ya pini, vile vigingi kumi vinavyoangushwa kwa tufe, amefura, akamuuliza kama kuna kitu kimemdondoka. Mama Kagua akamjibu kwa utulivu kwamba hakuna kilichodondoka, ila alitaka kujua ni mafuta gani haya, na kwa nini huku karibu yamejaa na kule kwenye pini hakuna kitu.

Wifi yake, aliyekuwa amesimama kando na viatu vya kuazima vinavyombana, alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye aliyemleta. Huyu wifi alikuwa mshonaji wa hospitali, kazi yake mashuka na mapazia ya wodi, na aliolewa na mdogo wake Mama Kagua, kwa hiyo nyumbani na kazini walikuwa pua na mdomo. Hospitali ilikuwa imealikwa kwenye ligi ya maofisi, timu ikapungukiwa na mtu mmoja, Mshonaji akambembeleza wifi yake aje kujaza nafasi. Ile nafasi Mama Kagua aliijaza miaka kumi na tisa.

Jina la Mama Kagua halikutoka kwenye bolingi. Lilitoka kwenye chumba cha kufulia, ambako alikuwa mkuu wa wapiga pasi. Shuka haikutoka mle ndani bila kupita mkononi mwake. Hakuhitaji hata kuitazama. Aliigusa kwa mgongo wa kiganja akajua kama bado ina unyevu, kama sabuni haikusuuzwa ikaisha, kama mashine namba tatu imeanza tena uvivu wake. Vijana wa zamu walimwogopa kuliko daktari mkuu, maana daktari mkuu ungeweza kumdanganya. Na kwa sababu alizikung'uta shuka kwa mkono wa kulia tangu ujana, kifundo chake cha mkono kilikuwa na msokoto wa ajabu, ukimpa chupa yenye kifuniko kilichokwama anairudisha imefunguka hata hujamaliza kuomba.

Msokoto huo ndio uliomfanya mchezaji. Wengine walijifunza kwa miezi kulizungusha tufe likunje kona na kuingia pembeni mwa pini ya mbele, mahali panapoangusha zote kumi. Yeye alikung'uta tu kama anakung'uta shuka, tufe likaenda lenyewe. Mshonaji kwa upande wake alisukuma tufe lake polepole, limenyooka kama mshono wa pazia, linafika lini hakuna ajuaye. Wachezaji walikuwa wakimtania kwamba tufe lake likiondoka mtu anaweza kwenda kunywa chai akarudi. Akawekwa mchezaji wa akiba, na kwa kweli alishukuru.

Fundi wa mashine, hasira zilipomtoka, alimpenda yule mama aliyemuuliza swali ambalo hajawahi kuulizwa na mteja. Akamweleza siri yote. Kila asubuhi mashine hupaka njia mafuta mepesi kuanzia kwenye mstari hadi kama theluthi mbili, kisha inaacha pakavu hadi kwenye pini. Tufe huteleza penye mafuta, likifika pakavu hushika na kukunja kona. Tatizo ni kwamba kila tufe linalopita linaondoka na mafuta kidogo, na mengine linayakokota mbele. Kwa hiyo njia uliyoizoea saa nne asubuhi, saa sita si ile tena, na hakuna alama yoyote inayokuonyesha, kwa macho zote zinang'aa vilevile.

Hapo Mama Kagua akawa kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analijua siku zote. Alianza kuja na taulo jeupe la hospitali, lililochakaa na kufutwa kwenye daftari la vitu vya wodi. Kila tufe liliporudi alilifuta, akalitazama taulo kwenye mwanga wa dirisha, akaona mafuta yameshika mstari gani na kwa wingi gani. Wapinzani walimcheka. Walidhani anajali usafi.

Baada ya miaka akawa na matufe matatu, na kila moja alilipa jina. La kwanza aliliita Mlafi, kwa sababu ganda lake lilikuwa limekwaruzwa kwa msasa likashika njia hata kwenye mafuta mengi, na likishika linakunja kwa pupa. La pili lilikuwa Mstaarabu, ganda laini linalong'aa, linalopita mbele bila kugombana na mtu na kugeuka mwishoni tu. La tatu lilikuwa Askari, la plastiki ngumu, ambalo lilikwenda moja kwa moja na alilitumia kupangusa pini moja au mbili zilizobaki. Mshonaji alimshangaa mtu mzima anayeongea na matufe kwenye begi, lakini kila alipomsikia akimwambia Mlafi leo utakaa ndani, alijua ameshaona kitu ambacho wengine wataona baada ya saa nzima.

Maana huo ndio uliokuwa ufundi wake, na hapa msimulizi anaomba radhi kwa wale wanaofikiri bolingi ni kurusha kitu kizito na kuomba Mungu. Watu wote hujaribu matufe yao dakika kumi kabla ya mchezo, wakachagua lile linaloangusha pini nyingi. Mama Kagua hakuchagua tufe la dakika hiyo. Alichagua la mchezo wa pili, na la mchezo wa tatu alikuwa ameshaanza kuliwaza. Ukimuuliza anakujibu kwamba hata shuka huwezi kuipiga pasi kwa jinsi ilivyo ukiishika, unaipiga kwa jinsi itakavyokuwa ikilala kitandani.

Mara moja tu alikosea, na kosa hilo lilimuuma kuliko jino. Miaka minne nyuma timu ilifika fainali kwa mara ya tatu. Mlafi aliangusha pini siku ile kama amelipwa, michezo miwili mfululizo, ukumbi mzima umesimama. Mchezo wa tatu njia ikakauka, taulo likamwambia, na yeye akaliona. Lakini hakuweza kumrudisha Mlafi kwenye begi. Alimpa nafasi moja tena, na nyingine tena, na kila mara Mlafi alikunja mapema akapita mbele ya pini kama mtu aliyekosea nyumba. Walishindwa kwa pini mbili. Walipokuwa wanavua viatu alimwambia wifi yake kwamba alilipenda lile tufe, ndiyo maana hakutaka kuliona. Wiki mbili chumba cha kufulia kilikaa kimya, hakuna aliyethubutu hata kupiga mluzi.

Sasa tufike kwenye fainali ya nne, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake. Mama Kagua alitimiza miaka sitini na Ijumaa inayofuata angekabidhi funguo za chumba cha kufulia. Ligi ile ni ya walio kazini tu, mstaafu anakaribishwa kukaa kwenye viti na kupiga makofi. Miaka kumi na tisa, fainali nne, kombe hajalishika. Hakulalamika, lakini Mshonaji alimwona wiki nzima akipita kwenye korido na kuukunja mkono wa kulia hewani, akirusha tufe lisilokuwepo, na roho ikamuuma. Alitamani wifi yake ashinde kuliko alivyowahi kutamani kitu chake mwenyewe.

Fainali ilikuwa Jumamosi mchana, michezo mitatu inayojumlishwa pamoja, dhidi ya Idara ya Maji, vijana watatu wenye matufe mapya na mikono yenye nguvu. Kwa hospitali walikuwa Mama Kagua, Mpishi, ambaye alikuwa mtu wa kusema maneno matano kwa wiki, na Dereva wa gari la wagonjwa. Dereva ndiye nahodha. Alikuwa na moyo mzuri na subira hana, na kila kitu alikitaka kifanyike kama king'ora kinalia.

Kwenye majaribio Dereva alifurahi. Alisema njia imekubali, kila mtu atoe tufe lake kali. Mama Kagua alirusha Mlafi mara mbili, akalifuta, akalipeleka taulo dirishani. Kisha akaenda kumsalimia fundi wa mashine na kumuuliza nani alicheza hapa asubuhi. Fundi akamwambia ni watoto wa shule, mashindano, wamemaliza saa tano, na njia hazikupakwa upya.

Aliporudi aliwaeleza wenzake kwa ufupi. Watoto wanatumia matufe ya plastiki ya ukumbi, yale yanayokwenda moja kwa moja. Yameyasukuma mafuta mpaka kule mwisho ambako panatakiwa pawe pakavu, na huku mbele yameyafagia. Tufe kali litashika hapa karibu, lichoke, halafu likifika kule liteleze bila nguvu. Akamrudisha Mlafi kwenye begi na kumtoa Mstaarabu. Mpishi akaitikia kwa kichwa na yeye akabadilisha. Dereva akasema hawezi kuwasikiliza watoto wa shule.

Mchezo wa kwanza Dereva alijuta. Tufe lake lilikunja mapema kama mlevi anayetafuta mlango, na zamu tano zilipita kabla hajameza fahari yake na kuomba ushauri. Hospitali wakamaliza wakiwa nyuma kwa pini thelathini. Mchezo wa pili ukawa wa Mama Kagua. Mstaarabu aliteleza kwa adabu mbele, akageuka mwishoni, pini zikalala kumi kwa mpigo mara nne mfululizo. Alisogea kushoto ubao mmoja, kisha mwingine, akifuata mafuta yalikobaki, na Mshonaji kwenye kiti cha akiba alikuwa ameshikilia begi la matufe kama mtoto mchanga. Alipomaliza alikuwa na alama mia tisini na nne, hajawahi kupata hizo kwenye fainali. Pengo likabaki pini kumi na moja.

Dereva alimkumbatia. Alimwambia kombe hili linakwenda nyumbani kwake, hata kama itabidi alibebe kwenye gari la wagonjwa. Mama Kagua hakucheka. Alikuwa amelishika taulo, amelielekeza dirishani, na taulo lilikuwa jeupe karibu lote.

Kati ya mchezo wa pili na wa tatu kuna mapumziko ya dakika kumi, na ndiyo nafasi pekee ya kubadilisha mchezaji. Mama Kagua alikaa kwenye ukingo wa kiti akiwa na matufe yake matatu miguuni. Alimgusa Mlafi akamwacha. Alimshika Mstaarabu, akamzungusha mikononi, akamweka chini. Kwa Askari hakupeleka hata mkono. Mshonaji alijua uso ule. Ni uso aliokuwa nao kazini shuka ikishapigwa pasi, ikakunjwa, ikapendeza, na yeye akagundua kwamba lazima irudi kwenye maji.

"Zile zamu tatu za mwisho," Mama Kagua alisema, "pini zilianguka, lakini sikuziangusha mimi. Tufe lilifika limeshapinda sana. Ni bahati tu."

Dereva akasema basi achukue Askari.

"Askari hunyooka penye mafuta tu, pakavu naye nitamkunja. Mkono huu haujui kunyoosha, nimeujaribu miaka yote. Njia imekauka mwanzo mpaka mwisho, sasa hivi haitaki tufe linalozunguka, la mtu yeyote. Inataka linalokwenda taratibu na limenyooka." Akamgeukia Mshonaji. "Inakutaka wewe, wifi. Chukua lile tufe lako la ukumbi, la kijani."

Mshonaji alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alirudi nyuma hatua moja. Dereva alifoka kwa sauti ya chini, maana watu wa Maji walikuwa wanatazama. Alimwambia Mama Kagua kwamba amepata mia tisini na nne, kwamba hii ni fainali yake ya mwisho, kwamba Jumamosi ijayo hatakuwa na timu, na kwamba mtu haachi usukani gari likiwa kwenye mteremko. Yote hayo yalikuwa kweli na Mama Kagua aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka ule nilikuwa nimepata nyingi pia," alimjibu. "Ndizo zilizonidanganya. Mwandike wifi."

Mshonaji alikataa. Alisema hawezi, alisema atamharibia, na alisema, hili akalisema huku machozi yanamlengalenga, kwamba amekuja kumwona yeye akishinda na si vinginevyo. Mama Kagua alimshika kidevu kama wanavyoshikwa wadogo, ingawa Mshonaji mwenyewe alikuwa na wajukuu wawili. Akamwambia asirushe kwa ajili ya mtu, asukume tufe lake kama anavyolisukuma siku zote, atazame ubao wa katikati na asiharakishwe. Dereva akaandika jina kwenye karatasi kwa kalamu iliyokuwa karibu kutoboa meza.

Mchezo wa tatu haukuwa mzuri kutazama. Vijana wa Maji walitoa matufe yao mapya yanayong'aa, na njia ikayakataa. Yalikunja, yalivuka, moja liliangukia kwenye mfereji wa kando ya njia, upande wa pili kabisa, na kila walivyoongeza nguvu ndivyo yalivyozidi kupotea. Dereva na Mpishi, waliokuwa wameelezwa wapunguze msokoto, waliokota pini moja moja kwa jasho. Na katikati yao Mshonaji alikuwa analisukuma tufe la kijani. Lilikwenda kwa mwendo wake wa kunywa chai, limenyooka, likafika likagonga saba, likafika tena likagonga nane, akamalizia moja, akabakisha moja. Hakuna aliyepiga kelele kwa sababu hakuna kilichotokea cha kupigiwa kelele. Ila kila akigeuka kutazama ubao wa matokeo, pengo lilikuwa limepungua.

Mama Kagua hakukaa. Alisimama nyuma ya viti, mikono ameificha chini ya kwapa.

Maji wakamaliza zamu yao ya mwisho. Kwa hospitali alibaki Mshonaji peke yake, na Dereva, sasa amepoa kama uji wa jana, alimsogelea akamwambia kwamba pini tisa zinatosha kuwashinda kwa moja. Nane wangekuwa sare. Mshonaji alitamani asingeambiwa. Aliweka vidole kwenye matundu, akavuta pumzi, akasukuma. Tufe likaenda, likaenda, Dereva akageuza uso asilione, likagonga. Saba.

Zilibaki tatu kona ya kulia, zimekaa pamoja. Mbili zilihitajika, na alibakiwa na nafasi moja ya kusukuma. Mshonaji aligeuka kumtafuta wifi yake apate hata ishara ya jicho, na akamkuta amefumba macho. Basi hakukuwa na wa kumuuliza. Alilisubiri tufe lirudi, akalipangusa kwa gauni lake, akasogea hatua mbili kushoto kwa sababu aliona mwenyewe kwamba ndiko linakotakiwa kutokea, na akalisukuma bila haraka. Lilivuka njia kwa mshazari, polepole, mpaka mtu wa Maji akacheka kwa woga. Pini mbili zikalala. Ya tatu ikayumba, ikazunguka, ikarudi kusimama, na haikuwa na maana tena.

Kelele zilizofuata zilikuwa za Dereva zaidi. Alimbeba Mpishi, ambaye alitumia neno lake la tano la wiki kuomba ashushwe. Kombe likaletwa, likakabidhiwa kwa nahodha, nahodha akalipeleka moja kwa moja kwa Mama Kagua. Mama Kagua akalishika kwa mikono miwili, akampongeza kila mtu kwa mkono, akaenda mpaka kwa vijana wa Maji akawaambia mmoja wao ana mkono mzuri sana, apunguze hasira tu. Alikuwa mchangamfu, mkubwa, mwenye adabu zake zote. Watu walimsifu kwa uamuzi wake na yeye akawajibu kwamba uamuzi ulikuwa rahisi, njia yenyewe ilisema.

Mshonaji alimkuta baadaye kwenye chumba cha kubadilishia viatu, ameketi kwenye benchi, kombe liko sakafuni. Alikuwa amevua kiatu kimoja. Cha pili alikuwa amekishika kwa kamba na hakukivua. Mkono wake wa kulia ulikuwa unajikunja wenyewe, unarusha tufe lisilokuwepo, na Mshonaji alipoutazama vizuri akajua haukuanza sasa, ndiyo maana ulikuwa umefichwa mchezo mzima.

Akakaa kando yake. Alitaka kumwambia asante, akaona neno hilo dogo. Akamwambia tu kwamba wamelipata.

"Tumelipata," Mama Kagua alisema, na uso wake ukanyong'onyea wote mara moja. "Nilitaka kucheza, wifi. Nilitaka sana, hujui. Nilikuwa nasimama pale naomba Dereva anikatalie."

Mshonaji alipiga goti mbele yake, akaifungua kamba ya kile kiatu, akakivua taratibu. Alikishikilia mapajani wakati wifi yake analia, na mtu alipobisha mlangoni kuwaita kwenye picha ya washindi, yeye ndiye aliyejibu kwamba wasubiri, bado mchezaji mmoja hajawa tayari.